Betri za gari la gofu Kigoma: tuchaji kila siku au tusubiri ziishe kabisa?

#1 Mtunza Gati
Wakuu habari zenu. Nipo Kigoma, natunza kigari cha gofu cha umeme kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa. Kazi yake ni kupandisha wageni na mabegi kutoka gatini hadi vyumbani, na wanaoijua Kigoma wanaijua milima yake. Kina betri sita za maji, kila moja volti 8, zimeungwa kwa mfuatano, jumla volti 48.

Zamani kikichajiwa usiku kilikuwa kinapiga kazi mpaka jioni. Siku hizi saa sita mchana kinaanza kuchoka kwenye kona ya mwisho ya mlima, wageni wanashuka wanatembea. Fundi mmoja ametuambia tumeziharibu kwa kuzichaji kila siku. Eti tuziache ziishe kabisa ndipo tuchaji, zisije zikazoea chaji ndogo. Bosi amekubali, ila mimi roho inagoma. Betri sita mpya siyo hela ya mboga, na huku dukani huzikuti, mpaka uagize Dar. Wenye ujuzi nisaidieni.

#2 Sangala Mbichi
Natia kambi. Wajuvi wako njiani.

#3 Fundi wa Gungu
Mkuu, zuia hilo jambo leo leo. Betri ya risasi na asidi haina mazoea. Hiyo habari ya kuzoea ni ya betri za nikeli-kadimiamu, zile za redio za upepo na simu za zamani. Ya risasi ukiiacha tupu, pleti, yaani vibamba vya risasi vya ndani, zinaota salfeti, ukoko wa chumvi ya risasi. Mwanzoni inakuwa laini, ukichaji inarudi kwenye asidi. Ikikaa muda inakomaa, inakuwa fuwele ngumu, na hapo chaja ya kawaida haiwezi kuitoa. Uwezo umeshapotea.

Kigari kimefanya kazi leo, kichajiwe leo. Ukiweza usitumie zaidi ya nusu ya uwezo, na kutumia asilimia 80 ndiyo mwisho kabisa. Kupima: zima kila kitu, chaja itoke, ziache zipumzike saa kadhaa, kisha weka mita ya volti. Jumla ikisoma karibu na volti 50.9 zimejaa. Ikisoma 48.8 hivi, umefika nusu. Usipime chaja ikiwa imetoka sasa hivi, utaona namba nzuri inayoyeyuka baada ya muda.

#4 Reli ya Kati
Salaam kutoka Tabora. Namuunga mkono Fundi hapo #3, ila mimi nashuku muda kabla ya kushuku kitu kingine. Mleta uzi, kinachomekwa saa ngapi na kinachomolewa saa ngapi? Betri hizi zinapokea haraka mpaka zifike kama asilimia 80, halafu zile 20 zilizobaki zinaingia polepole sana. Mtu akiona kimeshapata nguvu ya kutembea anachomoa. Akifanya hivyo kila siku, zile seli, yaani vyumba vya ndani ya betri, hazijai hata siku moja, na salfeti inajijenga kidogo kidogo ingawa hamjawahi kuziacha tupu.

#5 Mtunza Gati
Kinachomekwa saa mbili usiku, mlinzi anachomoa saa kumi na moja alfajiri. Umeme ukikatika hapo katikati, hakuna anayeandika ulirudi saa ngapi.

#6 Reli ya Kati
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Mpe mlinzi daftari.

#7 Jua Kali Kasulu
Daftari peke yake halitatosha. Pimeni na umeme unaoingia kwenye chaja. Nafunga sola huku Kasulu na Buhigwe, na mara nyingi nakuta nyumba iliyo mwisho wa laini inapata volti 180 jioni badala ya 230. Chaja ya kizamani, ile nzito yenye transfoma, umeme ukiingia mdogo na yenyewe inatoa mdogo. Betri za volti 48 zinahitaji kusukumwa mpaka kama 58 au 59 ndipo zijae, maana kila seli inataka karibu 2.4 na ushee, na nyie mna seli 24, nne kwa kila betri. Chaja ikiishia 55, unaweza kuiacha usiku kucha na zisijae. Chaja za kisasa za elektroniki nyingi zinavumilia umeme mdogo. Yenu ni ipi?

#8 Mtunza Gati
Ni ile nzito. Inaunguruma.

#9 Mama Kipe
Jamani nisamehewe kuingilia, sina gari la gofu, nina vipe, yaani maboti, vinavua dagaa hapa Kibirizi. Lakini hili la #3 limenigusa sana. Tangu tuache karabai tukaingia kwenye taa za betri, betri zinakufa ovyo na vijana wanalaumu duka. Sasa naanza kuelewa. Wakati wa giza tunavua, betri zinachajiwa kila siku. Mwezi ukianza kung'aa hatutoki, vijana wanaziweka stoo kama zilivyorudi kutoka ziwani, yaani nusu tupu. Zinakaa hivyo mpaka giza lingine. Na ziwa lilipofungwa mwaka 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, zililala miezi mitatu. Siku ya kufungua nyingine hazikuwasha hata taa moja.

#10 Fundi wa Gungu
Mama, umeeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Betri iliyojaa ikiwekwa tu inapoteza chaji yenyewe kidogo kidogo, na joto linaongeza kasi. Iliyowekwa ikiwa nusu inaanza kuharibika siku hiyo hiyo. Kabla ya kuziweka, jaza kabisa, toa nyaya zote, na kila mwezi uzirudishe kwenye chaja. Mwezi uking'aa ndiyo nafasi yako ya kuzichaji bila haraka.

Swali: ni betri za gari au ni za sola?

#11 Mama Kipe
Mchanganyiko. Za gari ni rahisi kupata.

#12 Fundi wa Gungu
Hapo kuna tatizo la pili. Ya gari ina pleti nyembamba nyingi, imetengenezwa itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache kuwasha injini, kisha altaneta iijaze. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha unaiua. Ya gofu na ya sola ina pleti nene, inavumilia kuishiwa na kujazwa mara nyingi. Ndiyo maana watu wa sola wanazipenda betri za gofu, hasa zile za volti 6, wanaunga mbili wanapata 12.

#13 Mzee wa Ujiji
Wanangu, mnazungumza chaja, hakuna aliyeuliza maji. Kijana anaongeza maji gani?

#14 Mtunza Gati
Shikamoo mzee. Tunaongeza maji ya betri ya dukani yakipatikana. Yakikosekana, aliyekuwepo kabla yangu alikuwa anatumia ya bomba yaliyochemshwa. Huwa tunaongeza asubuhi au jioni, yeyote mwenye nafasi.

#15 Mzee wa Ujiji
Marahaba. Basi mchawi ndiye huyo. Kuchemsha kunaua vijidudu, madini yanabaki pale pale, tena yanakolea. Sisi zamani tulikinga maji ya mvua.

#16 Chaki Nyeupe
Mzee yuko sahihi kwenye kuchemsha. Nafundisha fizikia Tabora, niongeze kidogo. Maji ya Tanganyika yana magnesiamu na madini mengine kwa wingi, na yana alikali, pH yake ni karibu 9. Kwa samaki ni sawa, kwa betri ni sumu ya polepole. Chuma na kloraidi ndivyo vibaya zaidi. Kinachotakiwa ni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakakusanywa.

Mvua nayo ina masharti. Kinga kwenye chombo cha plastiki kilicho wazi juani, mvua ikiwa imeshaosha hewa. Ikipita kwenye bati tayari imebeba kutu, vumbi na kinyesi cha ndege.

#17 Sangala Mbichi
Na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi? Hotelini huko yapo ya bure kila chumba.

#18 Chaki Nyeupe
Yamepita kwenye mabomba ya shaba na mapezi ya alumini yenye vumbi. Mimi siwezi kuyaweka.

#19 Jua Kali Kasulu
Mwalimu, mimi nayatumia kwenye betri zangu nyumbani, nayachuja kwa kitambaa, na zinadunda.

#20 Chaki Nyeupe
Kitambaa hakichuji shaba iliyoyeyuka. Ila mfuko ni wako.

#21 Fundi wa Gungu
Tusimchanganye mleta uzi. Muda wa kuongeza maji una maana kuliko mnavyodhani. Ongeza BAADA ya kuchaji. Wakati wa kuchaji maji ndani yanatanuka na kutoa mapovu, ukijaza kabla, asidi itafurika na kumwagika juu ya betri. Kesho yake unaongeza maji tena, asidi inazidi kuwa nyepesi, mwisho unabaki na betri ya maji matupu. Isipokuwa ukifungua ukakuta pleti ziko wazi, hapo ongeza kidogo zifunike tu, chaji, kisha malizia. Usijaze mpaka mdomoni, acha milimita 3 hivi chini ya ile shingo ya plastiki.

Na msiongeze asidi kamwe. Kinachopotea kwa mapovu na joto ni maji. Asidi haiondoki, labda ikimwagika.

#22 Mtunza Gati
Duh. Juu ya betri kuna ukoko mweupe na kijani, na sanduku la chuma chini limeanza kuliwa.

#23 Fundi wa Gungu
Basi zimefurika sana huko nyuma. Chukua magadi ya kuokea mikate, changanya na maji, mwagia juu huku vifuniko vimefungwa vizuri, yasiingie ndani hata tone. Yakiacha kutoa povu, suuza, kausha. Vaa miwani na glavu. Halafu kaza vichwa vya betri pale nyaya zinapofungwa, upake grisi kwa juu.

#24 Reli ya Kati
Grisi muhimu sana. Wajerumani waliizamisha meli yao ziwani humo 1916 injini zikiwa zimepakwa grisi, ikafufuliwa 1924 na mpaka leo mnaiita Liemba. Watu wa mawese mna historia nzuri ya grisi lakini vichwa vya betri mnaacha vinaota kijani!

#25 Mzee wa Ujiji
Mnyamwezi, rekebisha hapo. 1924 ni mwaka wa kuibuliwa na Waingereza. Kuanza safari kwa jina la Liemba ni 1927. Ukija kuitembelea njoo na asali, usije mikono mitupu.

#26 Reli ya Kati
Asali ipo mzee, tatizo ni usafiri 😄

#27 Dereva Mwanga
Wakuu, nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyefikiria kwamba huenda betri hazina kosa. Nimewahi kuendesha vigari hivi kwenye kambi ya watalii. Breki zikishika kidogo, au upepo kwenye matairi ukiwa mdogo, mota inakula umeme maradufu na mlimani ndiko inapoonekana. Weka kigari kwenye tambarare, toa gia, kisukume kwa mkono mmoja. Kikigoma, angalia breki kabla hujaagiza betri Dar. Gusa na vyuma vya magurudumu baada ya safari, linalochoma ndilo linaloshika.

#28 Mtunza Gati
Nimejaribu jioni hii. Kinasukumika, ingawa gurudumu la nyuma kushoto ni la moto kuliko mengine.

#29 Dereva Mwanga
Nilijua.

#30 Jua Kali Kasulu
Linalopata moto kidogo haliwezi kula nusu ya siku, mkuu. Linachangia tu. Bado nasimama na chaja.

#31 Mama Kipe
Mimi niulize la usalama. Vijana wangu wanachaji kwenye chumba wanacholala, madirisha yamefungwa sababu ya mbu. Usiku wa juzi kukawa na harufu ya yai viza chumba kizima.

#32 Chaki Nyeupe
Dada, watoe humo leo. Betri inapokaribia kujaa inatoa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina harufu wala rangi, na ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Kiberiti, sigara, hata kuchomoa klipu ya chaja ikiwa inafanya kazi. Zima chaja kwanza, ndipo utoe klipu.

Harufu ya yai viza ni jambo lingine, ni haidrojeni salfaidi. Inatoka betri ikichajiwa kupita kiasi au seli moja ikiwa imekufa na inachemka. Ni sumu. Hiyo betri iguse kwa nje, utaikuta ina joto kuliko wenzake. Iondoe kabisa kwenye matumizi.

#33 Mama Kipe
Ahsante mwalimu. Nimeshawapigia simu, wanahamishia barazani.

#34 Mzee wa Ujiji
Na wasiziweke chini kwenye saruji, saruji inanyonya chaji.

#35 Fundi wa Gungu
Mzee wangu, hiyo ilikuwa kweli enzi za masanduku ya mbao na mpira. Haya ya plastiki ya leo hayavujishi. Ukiiweka kwenye saruji au kwenye mbao ni sawasawa.

#36 Mzee wa Ujiji
Mimi nitaendelea na ubao wangu.

#37 Reli ya Kati
Turudi kwenye mada. Huku kwetu Septemba na Oktoba joto linatuulia betri kuliko kitu chochote. Wataalamu wanahesabu kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri yanapungua kama nusu. Kigari kinalala wapi?

#38 Mtunza Gati
Chini ya banda la bati, linaloelekea magharibi.

#39 Reli ya Kati
Jua la mchana lote linaishia humo, halafu saa mbili usiku mnaanza kuchaji betri bado za moto. Kwenye joto, volti ya kuchaji inatakiwa ishuke kidogo, kama 0.005 kwa kila seli kwa kila nyuzi. Chaja yenu nzito haijui joto. Kwa hiyo mimi nasema kinyume cha Jua Kali: inazichaji kupita kiasi, ndiyo maana maji yanaisha na ukoko unaota.

#40 Jua Kali Kasulu
Kwa umeme wa 180? Haiwezekani.

#41 Reli ya Kati
Umepima wewe umeme wa pale gatini?

#42 Fundi wa Gungu
Hakuna aliyepima chochote. Mtunza Gati, tafuta haidromita, kipima uzito wa asidi, ile ya kioo yenye mpira wa kunyonyea. Bila hiyo tutabishana mpaka ziwa lifungwe tena. Chaji mpaka chaja ijizime, acha zitulie, kisha pima kila seli, seli zote 24. Iliyojaa inasoma 1.260 mpaka 1.280. Halafu mtu mmoja apandishe mlima huku mwingine anasoma mita kwenye kila betri. Tuletee namba.

#43 Sangala Mbichi
Na chumvi ya Epsom? Kuna video inasema inafufua.

#44 Fundi wa Gungu
Inakupa wiki chache za furaha, na fuwele ngumu zinabaki. Usiweke.

#45 Mtunza Gati
Nimerudi. Haidromita nimeazima kwa fundi wa magari. Chaja ilijizima yenyewe, nikaacha zikatulia usiku kucha.

Betri namba 3, 4, 5 na 6: seli zote kati ya 1.260 na 1.265, kila betri inasoma kama volti 8.43.
Namba 1: seli zote nne 1.225, volti 8.28.
Namba 2: seli tatu ziko 1.220 mpaka 1.225, moja iko 1.150. Volti 8.20.
Jumla 50.2.

Kwenye kona ya mwisho ya mlima: namba 3 hadi 6 zinashuka mpaka 7.8. Namba 1 inashuka mpaka 7.5. Namba 2 inaanguka mpaka 6.9.

Umeme kwenye soketi jioni ulisoma 212.

#46 Fundi wa Gungu
Kazi safi sana. Namba 2 ina seli inayokufa. Ndiyo inayowashusha wageni wako. Nne za mwisho ni nzima, wala usikubali kuambiwa ununue sita.

#47 Chaki Nyeupe
Fundi, ngoja kwanza. Kwa nini namba 1 nayo iko chini, tena seli zote nne kwa usawa? Seli zikishuka kwa usawa namna hiyo, mara nyingi ni matumizi, siyo ugonjwa. Mtunza Gati, kuna kitu chochote kimeungwa kwenye betri mbili za mwanzo peke yake? Taa, redio, king'ora?

#48 Mtunza Gati
Nimefungua kiti. Taa za mbele zimeungwa kwenye namba 1 na namba 2 tu. Waya mwekundu mwembamba, umefungwa kwa mkanda mweusi.

#49 Chaki Nyeupe
Ndiyo hivyo. Hizo mbili zinafanya kazi ya zaidi kila usiku, lakini chaja inapitisha mkondo ule ule kwenye zote sita. Nne zinajaa, chaja inaona imemaliza inazima, mbili zinabaki na deni. Taa zihamishiwe kwenye kipunguza volti kinachochukua kutoka betri zote 48.

#50 Jua Kali Kasulu
Nakubali kuhusu waya. Lakini zikisawazishwa zinaweza kurudi. Baada ya chaji ya kawaida, zichajiwe polepole kwa volti ya juu, kama 62 kwa betri zote, vifuniko vimefungwa, mahali pa wazi, unapima kila saa mpaka namba ziache kupanda. Zikipata moto sana unasimamisha.

#51 Fundi wa Gungu
Namba 1 itarudi. Ile seli ya 1.150 hairudi. Utachemsha nne nzima bure.

#52 Reli ya Kati
Na mkiweka moja mpya kati ya tano za zamani, itashushwa na wenzake mapema. Tafuteni iliyotumika yenye umri unaokaribiana nazo.

#53 Dereva Mwanga
Na breki ya nyuma kushoto msiisahau.

#54 Chaki Nyeupe
Kuna njia ya kujua bila kununua kitu. Toa waya wa taa kabisa. Hamisha namba 2 iende nafasi ya 5, ya 5 ije nafasi ya 2, ukiangalia chanya na hasi usikosee, na spana uizungushie mkanda isije ikagusa vichwa viwili kwa pamoja. Chaji siku kadhaa mfululizo mpaka mwisho, kisha panda mlima na mita. Udhaifu ukihama na betri, Fundi yuko sahihi. Seli ikipanda yenyewe, ilikuwa taa. Ukibaki kwenye nafasi ile ile ya 2, tazama nyaya na viungio vya hapo.

#55 Mtunza Gati
Shukrani wakuu. Wageni wanaondoka Jumamosi, nitaanza hapo hapo. Bosi amesoma uzi huu, amekubali kuchaji kila siku. Za betri mpya amesema tusubiri namba.

#56 Mama Kipe
Nami naomba msaada hapo hapo: haidromita hiyo inapatikana wapi Kigoma, na inapima hata betri zilizozibwa?

#57 Fundi wa Gungu
Maduka ya vipuri vya magari pale mjini, Mama. Zilizozibwa hazifunguki, huko ni mita tu. Njoo na zile zilizolala wakati ziwa limefungwa, tuzipime moja moja.